Nani Aliyeipima Pishi? Chanzo cha Mionzi na Kadirio la Dozi Kutoka Kwenye Damu

*Haya niliyasema Arusha, mbele ya mafundi sanifu wa maabara, wanafizikia tiba na vijana wa mafunzo kwa vitendo. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni. Nilichoondoa ni vicheko, na sehemu moja niliyosahau nilikokuwa nakwenda.*

Ndugu Mwenyekiti, walimu wangu, na ninyi wenzangu mnaoshinda mmeinamia hadubini: shikamooni wakubwa zangu, na wadogo hamjambo.

Nimepewa nusu saa baada ya chakula cha mchana, wakati ambao hata mimi huwa nasinzia, kwa hiyo naanza na bibi yangu. Bibi alikuwa na duka Pangani. Mchele aliuza kwa pishi, na pishi yake ilikuwa kopo la bati lililobonyea ubavuni kwa sababu liliwahi kuanguka ngazini. Kwa kopo hilohilo alinunua mchele kwa wakulima, na kwa kopo hilohilo akawauzia majirani. Hesabu yake ikatimia kila jioni: zimeingia pishi kumi, zimetoka pishi kumi. Dukani pale palikuwa hapana namna yoyote ya kuliona kosa. Lilionekana siku jirani mmoja alipofika kwake, akaupima mchele kwa pishi yake mwenyewe, kisha akarudi amejifunga kibwebwe.

Ugomvi ule siusimulii. Nimeuleta kwa sababu maabara inayokadiria dozi ya mionzi kwa kutumia damu ni duka la bibi yangu.

Wengine hapa ni wa damu na hamjawahi kugusa mionzi, wengine ni wa mionzi na mkiona damu mnakaa chini. Nitasema mambo ambayo nusu yenu mnayajua. Mnivumilie.

Chukulieni kijana anayepiga picha za viungo vya bomba vilivyolehemewa, kwa kutumia chanzo cha mionzi cha iridiamu-192. Kebo inakwama, chanzo hakirudi kwenye ganda lake, yeye hajui, anakwenda kukunja mipira na kupanga vifaa vyake pembeni ya chanzo hicho. Baada ya saa chache anatapika. Beji yake ya kupimia dozi iko wapi? Iko mfukoni mwa koti, na koti liko garini. Mliofanya ukaguzi mnajua beji ngapi za nchi hii zinaishi kwenye makoti. Kwa kijana yule shahidi aliyebaki ni damu yake.

Mionzi ikipita kwenye seli hukata kromosomu. Seli hujitahidi kuunga kilichokatika, na mara nyingine huunga kipande cha huyu na kipande cha yule. Kromosomu mbili zilizokatika zikishikana vibaya hutoka moja yenye sentromia mbili (sentromia ni kile kiuno cha kromosomu), yaani disentriki. Maabara niliyojifunzia tuliiita "viuno viwili", na jina hilo limenikaa kuliko la kitabuni. Uzuri wake ni kwamba ni nadra. Kwa mtu ambaye hajapata mionzi ya kusemwa unaikuta mara moja hivi katika seli elfu moja. Ukizikuta thelathini katika seli mia, huyo mtu alikuwa mahali.

Njia hii si mpya. Wafanyakazi waliopata ajali Hanford, Marekani, Aprili 1962, kromosomu zao zilichunguzwa hivihivi. Mwaka 1987 kule Goiânia, Brazil, watu walikibomoa chanzo cha seziamu-137 kilichoachwa kwenye kliniki iliyohamwa, wakagawana unga wake kwa sababu uling'aa gizani. Watu 249 walikutwa na uchafu wa mionzi, wanne wakafa. Nani kati yao alikuwa na beji? Dozi zao zikatafutwa kwenye limfosaiti zao, yaani chembe nyeupe za damu.

Kazi yenyewe mnaijua. Damu kwenye chupa yenye heparini ya kuizuia isigande, fitohemaglutinini ya kuziamsha limfosaiti zianze kugawanyika, saa 48 kwenye inkubeta ya nyuzi 37, kolsemidi ya kuzisimamisha katikati ya kugawanyika, rangi ya Giemsa, slaidi, kisha macho na subira.

Lakini hesabu ile inakupa idadi ya viuno viwili. Haikupi grei, yaani kipimo cha dozi yenyewe, tunachokiandika Gy. Ili uigeuze kuwa grei unahitaji mchirizo wa rejea, ule mstari uliopinda unaochorwa kila maabara inapoanza. Unachukua damu ya mtu mzima wa afya, unaigawa kwenye chupa, unaipa dozi unazozijua: robo grei, nusu, 1, 2, 3, 4. Unahesabu kila chupa, unachora. Kwa mionzi ya gama mstari una sehemu mbili, moja inapanda sawia na dozi na nyingine inapanda na mraba wa dozi. Tangu siku hiyo, kila mgonjwa atakayeletwa, idadi yake inapelekwa kwenye mstari ule na dozi inasomwa.

Sasa niwaulize. Ile chupa mliyoiandika "2 Gy" kwa kalamu ya wino mzito, nani alisema ni grei 2?

Nimeuliza hivi kwenye maabara kadhaa. Jibu la kwanza huwa "imeandikwa kwenye mashine". La pili, "fundi aliyeifunga ndiye aliyetupa jedwali". Imefungwa lini? Hapo watu wanaangaliana.

Nifanye hesabu moja tu, mnisamehe. Tuseme chanzo chenu kina nguvu kuliko mnavyodhani kwa asilimia 10. Kila chupa mliyoiandika grei 2 imepata 2.2, ya 4 imepata 4.4. Mmechora mstari wenu vizuri, nukta zote zimekaa juu yake kama shanga. Analetwa kijana wa iridiamu aliyepata grei 3 za kweli. Mtamwambia daktari 2.7. Hakuna kitu ndani ya maabara kitakachowanong'oneza kwamba mmekosea, kwa sababu kosa liko kwenye ekseli ya dozi, ule mstari wa chini wa grafu, na ekseli ile mliiandika wenyewe kwa kalamu. Pishi kumi zimeingia, pishi kumi zimetoka.

Na hapa ndipo naumia, kwa sababu naiona bidii yenu. Mtu anahesabu seli 500, anapata viuno viwili 150, anaandika uhakika wake kwa uadilifu mkubwa: bahati ya kuhesabu inaweza kumpotosha kama asilimia 8 kwenye idadi, ambayo ikigeuzwa kuwa dozi ni karibu asilimia 5. Mkuu wake anamwambia hesabu seli 1,000 ili ipungue. Wiki nzima shingo inauma. Inapungua, kweli, inafika asilimia 3. Ile 10 ya chanzo iko palepale imekaa, haijatikisika. Hata angehesabu seli za mkoa mzima.

Kwa hiyo kabla ya hadubini kuna ugezi. Neno hili ndilo TBS, Shirika la Viwango, wanalolitumia kwenye kurugenzi yao. Karakana tunasema "kukalibreti" na tunaelewana. Kufanyia chanzo ugezi ni kujua, kwa kipimo chenye nasaba, ni grei ngapi kwa dakika zinafika mahali chupa yako inapokaa. Nimesema nasaba makusudi. Walioketi madrasa wanajua isnadi: hadithi haipokelewi mpaka ujue fulani kaipokea kwa fulani, naye kaipokea kwa nani, mpaka mwanzo. Grei nayo ina isnadi. Mwanzo wake ni maabara za msingi za viwango, ambazo zinalinganishwa Sèvres, nje kidogo ya Paris, kwenye ofisi ya kimataifa ya vipimo. Chini yake kuna maabara za viwango za daraja la pili, mtandao ulioanzishwa mwaka 1976 na Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki pamoja na Shirika la Afya Duniani. Moja iko hapahapa Njiro, kwa Tume ya Nguvu za Atomiki, mwendo mfupi kutoka ukumbi huu. Wenzetu wa Kenya wanayo Nairobi. Chemba yako ya ayoni, kile kifaa cha kupimia mionzi, inapelekwa pale, inapewa cheti, inarudi kwako, na wewe unaitumia kupima chanzo chako. Pete moja ikikatika, ile "2 Gy" kwenye chupa ni kauli ya mtu asiyejulikana.

Msidhani ukiwa na cheti umemaliza. Mimi nilikuwa na cheti.

Hii ni habari yangu mwenyewe, na maabara naiacha bila jina. Nilikuwa kijana, kazi yangu kubwa ya kwanza, nimepewa nipime chanzo cha kobalti kwa ajili ya chupa za mchirizo. Chemba niliyokuwa nayo ni ya wazi, yaani hewa ya chumba inaingia na kutoka, na hewa ile ndiyo inayopigwa na mionzi na kutoa umeme mdogo tunaousoma. Hewa ikiwa nyepesi, umeme unakuwa mdogo, hata kama mionzi ni ileile. Ndiyo maana cheti cha chemba kinasema: nambari hii ni kwa nyuzi 20 na shinikizo la hektopaskali 1013.25. Mahali pengine popote unafanya masahihisho. Dar es Salaam ukiwa na joto la nyuzi 30, masahihisho ni kama asilimia 3 na nusu. Watu wa pwani mna raha.

Sisi wa nyanda za juu hatuna. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya bahari, na shinikizo la kweli la hewa hapa ni karibu hektopaskali 860. Usipoisahihisha chemba, inasoma pungufu kwa karibu asilimia 15.

Nililijua hilo, nilikuwa nimelisoma. Barometa ya maabara ilikuwa imeharibika, nami kwa ujanja wangu nikapiga simu uwanja wa ndege. Yule bwana alinijibu kwa heshima zote: 1016. Nikaandika 1016 pembeni ya ukurasa, nikafanya masahihisho yangu kwa nambari nne baada ya nukta, nikajiona mwanafizikia.

Naona wa kule nyuma wameshashika vichwa. Rubani hapewi shinikizo la uwanja. Anapewa shinikizo lililogeuzwa, kana kwamba uwanja uko usawa wa bahari, ili kipimo chake cha mwinuko kimwoneshe urefu wa kweli. Kwa ndege ni sawa kabisa. Kwa chemba yangu iliyokuwa mita 1,400 juu ya bahari ilikuwa sumu. Shinikizo la kweli siku ile lilikuwa 862, mimi nikasahihisha kwa 1016. Nikaona chanzo ni dhaifu kuliko kilivyo, nikaziacha chupa muda mrefu zaidi, na kila chupa ikala lumbesa ya asilimia 18. Iliyoandikwa 2 ilipata 2.36. Iliyoandikwa 4 ilipata 4.7.

Kinachonikera mpaka leo si simu ile. Cheti cha kiwandani cha chanzo kilikuwepo kabatini. Nilikitoa, nikakokotoa kuoza kwa kobalti, yaani nguvu yake inavyopungua kadiri muda unavyopita, mpaka tarehe ile, nikaona nimepata pungufu kwa asilimia 15 kuliko kilivyopaswa kuwa. Niliiona! Nikajiambia vyeti vya kiwandani huwa vya makadirio, labda chanzo hakikukaa sawasawa ndani ya ganda, nikaendelea. Chupa zikapigwa mionzi, damu ikaoteshwa, dada wawili wakahesabu kwa miezi minne.

Tutarudi kwenye ukurasa ule.

Mengine nitayapitia haraka, kwa sababu mkishajua yapo, mtayatafuta wenyewe. Vyeti vingi vya vyanzo hutoa kerma ya hewa, yaani nishati inayoachwa kwenye hewa. Damu si hewa, inakaribia zaidi kuwa maji. Kwa gama za kobalti na seziamu, kutoka hewa kwenda maji unazidisha kwa 1.11 hivi. Ukiandika kerma ya hewa ukaiita dozi ya damu, umeshapoteza asilimia 10 kabla hujafungua bomba. Tena chupa ya plastiki nyembamba ikining'inizwa hewani mbele ya kobalti, damu ya pembeni haipati dozi kamili, kwa sababu elektroni zinahitaji kama nusu sentimita ya kitu kama maji mbele yake ili zijae. Weka chupa ndani ya maji au ndani ya bloku ya akriliki, na upime chemba ikiwa ndani ya bloku hiyohiyo, kwenye tundu la chupa hiyohiyo. Nimeona mtu amepima hewani kwa ustadi, halafu chupa akaziweka kwenye beseni la maji la nyuzi 37, nyuma ya ukuta wa plastiki wa vidole viwili. Kipimo kilikuwa kizuri sana cha mahali ambapo hapakuwa na damu.

Umbali nao. Kwenye sentimita 20 kutoka kwenye chanzo, chupa ikisogea sentimita 1 karibu zaidi, dozi inapanda asilimia 11. Waya wa kushikia chupa uliopinda kidogo ni asilimia 11. Zile mashine za kufungwa, ambazo chanzo kimo ndani na wewe unaingiza kopo, zina ramani ndani ya kopo: juu, chini, katikati, pembeni, kila mahali na kiwango chake. Zipimeni kwa filamu au kwa vidonge vya alanini, msiamini nambari moja ya mlangoni.

Na kuoza. Kobalti-60 hupungua nusu kila miaka 5.27, yaani karibu asilimia 1 kila mwezi. Seziamu-137 ni mpole, miaka 30, lakini jedwali la fundi lenye umri wa miaka 15 limeshapitwa kwa karibu asilimia 30. Kule Columbus, Ohio, kati ya 1974 na 1976, hospitali ilitegemea grafu ya kuoza kwa kobalti badala ya kupima, na grafu yenyewe ilichorwa vibaya. Ilionesha chanzo kinafifia kuliko kilivyofifia kweli, kwa hiyo muda ukaongezwa na kuongezwa. Wagonjwa 426 walizidishiwa dozi. Chemba ingekwenda pale hata mara moja kwa mwezi, ingesema.

Nitasimama kidogo kwenye saa, kwa sababu hapa watu hucheka. San José, Costa Rica, Agosti 1996. Hospitali imebadilishiwa chanzo cha kobalti, kinapimwa upya. Kipima muda cha mashine kinasoma sehemu za dakika, si sekunde. Ilipofika kukokotoa, 0.3 ya dakika ikachukuliwa kuwa sekunde 30. Sifuri nukta tatu ya dakika ni sekunde 18! Mionzi ya sekunde 18 ikagawanywa kwa 30, kiwango kikaonekana ni tatu ya tano ya ukweli, na kila mgonjwa akalazwa chini ya mashine muda mrefu kupita kiasi. Wagonjwa 115 waliathirika kabla kosa halijagunduliwa, na wapo waliokufa kwa dozi ile. Aliyefanya hesabu alikuwa mtu wa kazi kama ninyi. Alikuwa na chemba, alikuwa na chanzo kipya.

Kwenye maabara ya damu saa inauma kwa njia nyingine. Dozi ndogo ndizo ngumu. Kama chanzo kinatoa grei 1 kwa dakika na unataka chupa ya 0.1, umeomba sekunde 6. Chanzo kinatoka kwenye ganda, kinasafiri, kinafika, kinarudi. Kikila sekunde 1 njiani, una kosa la asilimia 17 kwenye nukta ile, na nukta zile za chini ndizo zinazoamua mwanzo wa mstari. Pimeni kosa la shata lenu, yaani muda unaopotea chanzo kikitoka na kurudi: toeni dakika 1 mfululizo, kisha mara nne za robo dakika, mlinganishe. Ni kazi ya nusu saa. Au kaeni mbali zaidi na chanzo ili kiwango kishuke na sekunde ziongezeke, ila msivuke dakika chache, maana dozi ikitolewa polepole seli zinapata nafasi ya kujiunga vizuri na mstari unabadilika umbo.

Toulouse, Ufaransa, 2006 hadi 2007, naitaja kwa sababu moja tu. Vifaa vilikuwa vya kisasa. Walipopima miale myembamba sana ya mashine ya kutibu kichwa, walitumia chemba kubwa kuliko mwale wenyewe, ikawa kama kupima mvua ya mchirizi wa bati kwa karai: karai zima halilowi. Wagonjwa 145. Chemba haikuwa mbovu, kazi haikuwa yake.

Sasa najua kuna daktari hapa anayetaka kuniuliza: yote haya ya nini? Mimi nataka kujua kama mgonjwa wangu ana nusu grei nimrudishe nyumbani, au ana 4 nimtafutie chumba cha kutengwa. Asilimia 10 itanibadilishia nini?

Daktari yuko sahihi, kwa siku ya kwanza. Ajali ikileta watu wengi, tunahesabu seli 50 tu kwa kila mtu, au tunasimama tukishafika disentriki 30, tunawapanga kwa makundi na tunakwenda mbele. Siku hiyo kosa la 10 linamezwa na kosa la haraka. Lakini wiki ya pili daktari huyohuyo anarudi: huyu yuko kati ya 2 na 3, uboho wake utajirudi wenyewe au tusaidie? Miaka miwili baadaye anakuja wakili wa yule kijana wa iridiamu, na wakili hana makundi, anataka nambari, na anataka kujua ulivyoipata. Na kuna jambo kubwa zaidi. Seli za mgonjwa zinakosewa kwa mgonjwa mmoja. Mchirizo unakosewa kwa kila mgonjwa atakayekuja mpaka utakapochorwa mwingine, na ninajua maabara zinazotumia mstari wa miaka kumi iliyopita. Wanaoazima mstari wa maabara nyingine, jambo linalokatazwa mara kwa mara na linalofanyika mara kwa mara, wanaazima na pishi iliyobonyea bila kuiona.

Mtaniambia fedha hakuna. Nimekaa kwenye kamati za bajeti, najua. Hadubini yenye kamera na programu ya kutafuta seli ina picha nzuri kwenye ripoti ya mwaka, waziri anaweza kupiga nayo picha. Kupeleka chemba Njiro hakuna mtu anayekupigia makofi. Barometa nzuri na kipimajoto kilichohakikiwa ni vitu vya kuweka mezani, bei yake haifiki posho za semina moja, na ofisi ya ununuzi itakuuliza kwa nini maabara ya damu inataka barometa. Mwambieni niliwatuma mimi.

Kitu kingine kisicho ghali ni kupimwa na mgeni. Tangu 1969 Shirika la Atomiki limekuwa likizipelekea hospitali vidonge vidogo vya kupimia dozi kwa posta: vipige dozi unayodhani ni grei 2, virudishe, sisi tutakuambia ulivipa ngapi. Hospitali zetu za saratani zimezoea. Kwa maabara za damu alanini inafaa, maana ni asidi amino, inafanana na maji kwa mionzi, na dozi inakaa ndani yake kwa muda mrefu bila kupotea njiani. Iwekeni kwenye chupa ileile, ndani ya maji yaleyale, mshikio uleule, na mtu yuleyule wa kila siku abonyeze kitufe. Asijiandae kwa sherehe. Tunachotaka ni kumpima wa Jumanne, yule mwenye haraka.

Na mkishiriki ulinganishaji wa maabara kwa maabara, ombeni vitu viwili vitofautishwe: damu iliyopigwa mionzi na mwandaaji kwa chanzo chake, na vidonge mlivyovipiga wenyewe kwa chanzo chenu. Damu peke yake ikileta jibu la kukosea, mtalaumiana. Msoma slaidi atasema ni fizikia, mwanafizikia atasema ni macho. Vidonge vikija vimekaa sawa, mwanafizikia atasimama pembeni.

Ndugu Mwenyekiti ananionesha saa. Kuna dada mmoja aliniuliza wakati wa chai, na nikamwomba nimjibu mbele ya wote. Aliuliza: tukigundua leo kwamba mchirizo wetu wa zamani una kosa la chanzo, tunautupa? Miezi ya kuhesabu yote inakwenda na maji?

Inategemea mliandika nini. Kama kwenye daftari mna "chupa ya 4: 2 Gy" na basi, tupeni, hakuna wa kuisaidia nambari hiyo. Kama mna tarehe, sekunde, umbali, mahali chupa ilipokaa, joto, shinikizo na namba ya chemba, basi hesabu za seli zote zinabaki. Seli hazikukosea. Mnapima upya chanzo, mnakirudisha nyuma kwa kuoza hadi tarehe ile, mnasahihisha ekseli ya dozi, mnachora tena kwa alasiri moja.

Mimi niliokolewa hivyo, bila kustahili. Ukaguzi ulipokuja na chemba yake, mwaka na nusu baadaye, tukakuta tofauti ya asilimia 18. Mkuu wangu alikuwa mzee mtulivu. Aliomba daftari, akafungua ukurasa ule, akaweka kidole pembeni kwenye ile 1016 iliyoandikwa kwa penseli na namba ya simu ya uwanja wa ndege chini yake. Akaniangalia. Kisha akachukua kikokotoo, akagawa 1016 kwa 862.